Baada ya kuondolewa kibofu: siku 90 za hadhari

Jirani yangu mmoja hapa Ilford, mashariki mwa London, mzaliwa wa pwani ya Kenya, aliondolewa kibofu cha mkojo kwa sababu ya saratani.

Siku ya tano tumbo lilivimba, akawa anatapika. Ndugu waliopiga simu kutoka Mombasa walikuwa na swali moja: madaktari wamekosea wapi?

Hawakukosea. Kibofu kikiondolewa, mara nyingi mpasuaji hukata kipande cha utumbo mwembamba, akakiunganisha na mirija itokayo kwenye figo, mkojo ukapata njia ya kutokea tumboni na kuingia katika mfuko. Njia hiyo ilienezwa na daktari Eugene Bricker wa Marekani tangu 1950.

Utumbo ulioguswa hugoma kwa siku kadhaa. Mgonjwa hutiwa maji kwa mshipa, pengine mpira wa puani, huku akingojewa. Hospitali nyingine humpa hata chingamu, kwani kutafuna huuhadaa utumbo kuwa chakula kinakuja.

Utafiti wa New York uliochapishwa 2009, uliohusu wagonjwa 1,142, ulibainisha kuwa asilimia 64 walipata tatizo moja au zaidi katika siku 90 za mwanzo. Mengi yalikuwa madogo. Yaliyo makubwa yaliwapata takriban asilimia 13.

Mkojo waweza kuvuja ndani ya tumbo pale mirija iliposhonwa. Dalili ni mfuko kupokea kidogo ghafla. Homa ya kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni huashiria maambukizi ya figo, na hilo halingoji asubuhi.

Linaloua kimyakimya ni damu kuganda mguuni, kisha donge kupanda hadi mapafuni. Ndiyo maana Uingereza wagonjwa hawa huendelea kudungwa sindano za kuzuia damu kuganda kwa siku 28, nyingi wakijidunga wenyewe nyumbani.

Jirani yangu aliziacha katika wiki ya pili. Zilimwachia mabaka tumboni, naye ni wa kizazi chetu, kinachoona kulalamika kuwa aibu. Shavu la mguu mmoja likavimba. Akasema ni uchovu.

“Baba watoto, uchovu gani wa mguu mmoja?” mkewe aliuliza, akapiga simu. Kipimo kilionyesha donge la damu, likiwa bado mguuni.

Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2022, lenye wagonjwa 338, lilionyesha kuwa upasuaji kwa msaada wa roboti hupunguza hatari hiyo: asilimia 1.9 waligandwa na damu, dhidi ya 8.3 waliopasuliwa kwa njia ya kawaida.

Roboti ni nadra kwetu, ilhali kichocho, kisababishi cha saratani hii, kingalipo Unguja, Pemba na Kanda ya Ziwa nchini Tanzania. Huko anayeuguza wodini mara nyingi ni ndugu. Yeye ndiye atakayeuona mguu kwanza.

Jirani yangu alitoka na vidonge vya miezi kadhaa. Alivimeza kila siku mbele ya mkewe.