Mkono Usemao

Katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na katika misitu ya Walikale iliyo magharibi yake, mtoto wa miaka 3 hadi 5 aingiapo darasani kwa mara ya kwanza huja na lugha ya mama yake, nayo yaweza kuwa Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo au Kikumu. Humo hukikuta Kiswahili kiwaunganishacho watu wa Kivu, na mbele ya masomo yake Kifaransa kinamngojea. Na kwa kuwa vita vimezihamisha jamaa nyingi toka kijiji hadi kijiji, na toka kijiji hadi kambi, huenda mtoto aketiye naye mkeka mmoja asiyafahamu maneno yake. Katika hali hiyo mwalimu wa chekechea, hata akikosa picha na vitabu, anacho chombo kisichonunuliwa wala kuachwa nyuma watu wakimbiapo, nacho ni mwili wake mwenyewe.

Wengi hudhani kuwa ishara ya mkono ni pambo la maneno tu, walakini elimu ya nafsi imebainisha vingine. Mwaka 1998 Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walitangaza ya kuwa watu waliozaliwa vipofu hutumia mikono wasemapo, hata wakizungumza na kipofu mwenzao, ijapokuwa hawajapata kuona ishara ya mtu yeyote. Dalili dhahiri kwamba mkono huifuata fikira yenyewe, si macho ya msikilizaji peke yake. Mwaka 2008 Goldin-Meadow na wenzake walieleza jinsi walivyowafundisha hesabu watoto wa darasa la 3 na la 4, baadhi kwa maneno matupu na baadhi kwa ishara, na baada ya majuma 4 walioutumia mkono ndio waliolihifadhi somo zaidi. Yasemwa kuwa ishara huipunguzia mzigo ile hazina ndogo ambamo akili hulishika jambo inapolitafakari, na kwamba tendo la kiungo huacha alama yake katika kumbukumbu, kando ya alama ya neno.

Kabla ya hao, katika miaka ya 1960, James Asher wa Marekani alifundisha lugha ngeni kwa amri: mwanafunzi husikia “simama”, “keti”, “chukua”, humwona mwalimu akitenda, hutenda pamoja naye, na ulimi hufuata baadaye, kama mtoto mchanga afahamuvyo kabla hajasema.

Njia hizi zafaa Masisi kama zifaavyo kwingineko. Mwalimu atajaye mlima na akainua mikono ikutane juu ya kichwa, na watoto wote wakainua yao, amewapa neno moja watu wa lugha tano. Na idadi hufahamika upesi maharage, mavuno ya mashamba ya huko, yapitapo kiganjani moja moja. Utaratibu nao hupatikana vivyo hivyo: makofi ya mpigo mmoja yaitikiwayo kwa mpigo huo huo, au kiganja kilichoinuliwa kimya hata vyote viinuke, hurejesha utulivu pasipo ukali, na mtoto aliyepata kukimbia mlio wa bunduki anastahili sana kuepushwa na makelele. Sharti ni moja, mkono uafikiane na ulimi, na ishara iwe ile ile leo na kesho. Vinginevyo humbabaisha mwanafunzi.

Wala si elimu ngeni Walikale. Mwaka 1956 Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, alimhadithia mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuyaigiza kwa mwili wake matendo ya shujaa, kibuyu cha kutikisa mkononi, huku wenziwe wakipiga vijiti. Hadithi ya siku 12 ilihifadhiwa pasipo kitabu, kwa kuwa ilikaa katika viungo vya msimulizi kama ilivyokaa katika ulimi wake. Mwalimu wa chekechea ainuaye mikono yake kuwa mlima ni mrithi wa ustadi huo, na wanaowafundisha walimu wa nchi ile hawana budi kuuhesabu mkono katika vyombo vya kazi ya ualimu, pamoja na chaki na ubao.