Uluguru Ni Babu wa Kilimanjaro

Waulize wenzako bwenini: kati ya Kilimanjaro na Uluguru, upi mzee? Wengi watataja Kilimanjaro kwa kuwa ni mrefu. Wamekosea. Volkano ile haijafikisha miaka milioni 3. Miamba ya Uluguru imepita milioni 600.

Tunajuaje? Magma inapopoa, huumbika humo punje ndogo za zirkoni. Punje hizo hunasa urani lakini huikataa risasi. Kisha urani hugeuka risasi polepole, kwa mwendo usiobadilika. Kwa hiyo risasi unayoikuta ndani ya punje imezaliwa humohumo: ipime, ilinganishe na urani iliyobaki, umepata umri.

Mmoja wa waanzilishi wa upimaji huu, Mwingereza Arthur Holmes, alikwenda Msumbiji mwaka 1911 kutafuta madini, akaambulia malaria. Lakini mwaka 1951 ndiye aliyeutambulisha Ukanda wa Msumbiji: miamba iliyokunjwa na kupikwa ardhini, toka huko hadi Tanzania na Kenya. Leo tunajua ni kovu la mabara yaliyogongana. Milima ya wakati ule imeshaliwa na mvua. Uluguru ni sehemu ya mizizi yake, iliyoinuliwa tena baadaye.

Basi ukipita Morogoro, usisahau shikamoo.