Mlango wa Tunduma na Siasa ya Ujirani

Siasa ya nchi kwa mataifa ya jirani hutangazwa katika mabaraza makubwa, lakini hupimwa mpakani. Mwananchi atakaye kujua kama nchi mbili zapatana kwa kweli na aende akaangalie mahali zinapogusana. Akikuta mizigo yapita na watu wasalimiana, upatano upo. Akikuta mitutu ya bunduki imeelekezana, au malori yamelala barabarani siku nyingi, basi hotuba zilizosomwa zilikuwa maneno matupu.

Kwetu sisi mahali pa kipimo hicho ni Mkoa wa Songwe. Mji wa Tunduma watazamana na Nakonde ya Zambia, na huko Ileje Mto Songwe ndio uliotugawa na Malawi. Mipaka hiyo ilichorwa na Wajerumani na Waingereza pasipo kuwauliza wenyeji. Wanyamwanga wako Tanzania na wako Zambia. Walambya wako Ileje na wako Chitipa. Siasa ya ujirani kwa watu hawa ni habari ya shamba, soko na ndoa.

Yafaa tukumbuke jinsi mlango wa Tunduma ulivyopanuka. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wao katika Rhodesia. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, na shaba yake na mafuta yake vilipita katika reli ya kusini iliyokuwa mikononi mwa walowezi hao. Mafuta yalipokatwa, Tanzania haikumwambia jirani asubiri. Malori yalibeba mapipa kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka, katika barabara mbovu ambayo madereva waliiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likafika Ndola.

Halafu ikaja reli. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yalisema haina faida. China ilikubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 1970, reli ikafika Tunduma mwaka 1973, na Julai 1976 njia nzima ya kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa wenyewe. Wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China walitoa jasho pamoja, na wengine walitoa roho zao.

Katika miaka hiyo hiyo China yenyewe ilikuwa na jirani ambaye hawakupatana naye, nayo ni Urusi ya Kisovyeti. Mataifa haya mawili yalikuwa yakijiita ya kijamaa, na yote yakisema ni rafiki wa wanyonge. Hata hivyo, Machi 1969 askari wao waliuana katika Mto Ussuri, wakigombea kisiwa ambacho Warusi walikiita Damansky na Wachina Zhenbao. Chanzo chake kilikuwa cha zamani. Kwa mikataba ya 1858 na 1860 Urusi ya wafalme ilijitwalia ardhi kubwa kaskazini ya Mto Amur na mashariki ya Ussuri, wakati China ilipokuwa dhaifu. Jirani aliyedhulumiwa akiwa mgonjwa hukumbuka akipona.

Ilibidi kungoja hadi mwaka 1991 ndipo mataifa hayo yalipotia sahihi mapatano makubwa ya mpaka, na kisiwa kile kikabaki China. Vipande vya mwisho vilimalizwa mwaka 2008. Daraja la barabara kati ya Blagoveshchensk na Heihe, juu ya Mto Amur, halikufunguliwa hadi Juni 2022. Zaidi ya miaka hamsini ilipita tangu damu imwagike! Na kwa Japani, jirani mwingine wa mashariki, Urusi haijatia sahihi mkataba wa amani hata leo, kwa ajili ya visiwa ilivyovitwaa mwaka 1945.

Tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilipoifungia milango ya Ulaya, Urusi imeelekea mashariki kwa haraka, ikiuza huko mafuta na gesi. Lakini anayebisha hodi kwa jirani kwa sababu milango mingine imefungwa hana nguvu ya kupatana bei. Ujirani hujengwa mapema, kabla ya shida.

Sisi tulijenga mapema, na hiyo ndiyo akiba yetu. Swali ni kama twaitunza. Oktoba 2019 marais wa Tanzania na Zambia walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Lilikuwa jambo jema. Lakini hata baada ya hapo foleni za malori zimeonekana tena na tena, zikifika kilomita nyingi. Dereva hulala chini ya gari lake, mwenye mzigo huhesabu hasara, na mteja wa Lubumbashi au Kitwe huanza kuulizia njia nyingine.

Na njia nyingine zipo. Zambia ya leo si ile ya mwaka 1965. Ina daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021, ina njia za Beira na Walvis Bay, na reli ya Lobito katika Angola inafufuliwa kwa fedha za Marekani na Ulaya. Wasemao kwamba jirani hana pa kwenda hawajatazama ramani. Siku mizigo itakapogeuka, wa kwanza kuumia watakuwa mpakiaji, wakala wa forodha, mama lishe na fundi wa magurudumu wa Tunduma.

Kwa Malawi pia tumeonywa. Machi 2025 nchi hiyo ilizuia mchele, ndizi, tangawizi na unga kuingizwa kutoka nje, na wakulima wetu wakaumia. Aprili nasi tukazuia mazao yao. Baada ya siku chache amri yetu ikaondolewa ili mazungumzo yafanyike. Mazungumzo hayo yangetangulia, mazao yasingeoza njiani. Tunajua kufanya hivyo, kwani Mto Songwe huhama mkondo wake kwa mafuriko, na nchi zetu mbili hazikupeleka mizinga. Mwaka 2017 zilitia sahihi mkataba wa tume ya pamoja ya bonde lake.

Basi twasema wazi. Amri ya kufunga au kuzuia isitolewe kabla jirani hajaarifiwa na kuketi nasi. Reli ya TAZARA, ambayo mwaka 2024 marais wa nchi tatu walishuhudia mjini Beijing mapatano ya kuifufua, isimamiwe mpaka ibebe tena mzigo wake. Na kila mtumishi wa mpakani ajue kwamba muhuri alio nao mkononi ndio siasa ya nchi yetu kwa Zambia na Malawi. Akiuchelewesha kwa uvivu au kwa kutaka chochote, ameibomoa kazi ya waliobeba mapipa mwaka 1965.