Dalili ya Mvua ni Mawingu: Jinsi ya Kuyaona Mabadiliko Kabla Hayajatufikia

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa Kericho, na kwa majirani zetu wa Bomet, mabadiliko makubwa katika chai hayakuja ghafla. Yalianza kidogo kidogo, mbele ya macho yetu, miaka kadhaa kabla ya kugusa mfuko wa kila mtu.

Kuyaona mapema kuna faida, kwa sababu makosa katika chai hayarekebishwi kwa msimu mmoja. Mche huchukua takriban miaka 3 kabla ya kuanza kuchumwa vizuri, na ukitunzwa hudumu miaka mingi. Anayepanda au kung'oa leo anawaamulia hata wajukuu. Je, mkazi atazame wapi?

1. Tazama mashamba makubwa

Mashine za kuchuma chai zilianza kuonekana katika mashamba ya kampuni hapa Kericho katikati ya miaka ya 2000. Sababu haikuwa siri: gharama ya wafanyakazi ilikuwa ikipanda, na mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi. Mnamo Mei 2023, hasira ya kupoteza ajira ilifikia kiwango cha waandamanaji kuteketeza mashine. Kati ya wingu na mvua kulipita zaidi ya miaka 15. Katika muda huo kijana angeweza kusomea ufundi wa mitambo, na familia kutafuta njia ya pili ya mapato. Funzo hilo ni letu sote, serikali ikiwemo.

2. Msikilize mnunuzi

Mwaka wa 2007, kampuni ya Unilever ilitangaza kwamba ingeanza kununua chai yenye cheti cha Rainforest Alliance, ikianza na mashamba yake ya Kericho. Wakati huo lilionekana kuwa jambo la kampuni kubwa pekee. Baadaye viwanda vya wakulima wadogo chini ya KTDA navyo vilifuata. Leo kuweka rekodi za shamba, kuhifadhi kemikali kwa usalama na kulinda vyanzo vya maji ni mambo ya kawaida katika mafunzo ya wakulima. Mnunuzi mkubwa akibadilisha masharti, masharti hayo huteremka hadi kwenye kituo chako cha kuuzia majani.

3. Fuatilia watafiti

Chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 2011. Kabla ya hapo watafiti wa chai walio papa hapa Kericho walikuwa wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Anayehudhuria siku za wakulima na kuuliza ni miche gani inajaribiwa kwenye vitalu, huona mbele kuliko anayesubiri tangazo la redio.

Si kila wingu huleta mvua

Hata hivyo, chai hiyo ya zambarau inatupa onyo. Baadhi ya waliowahi kuipanda walikuta hakuna kiwanda cha karibu chenye mtambo wa kuisindika peke yake. Majani yao yalichanganywa na ya kijani, kwa bei ile ile. Walitambua zao jipya mapema, lakini njia ya kulifikisha sokoni haikuwa tayari.

Kwa hiyo, kabla ya kung'oa chai au kuchukua mkopo wa sako, jiulize:

- Nani atanunua, na kiwanda kiko umbali gani?
- Walioanza kabla yangu wanaongeza ekari, au wanaacha kimyakimya?
- Anayenihimiza anafaidika na mavuno yangu, au na kuniuzia miche tu?
- Nikikosea, nitabaki na nini?

Majibu yakiridhisha, anza na sehemu ndogo ya shamba. Weka hesabu ya gharama na mapato kwa misimu miwili au mitatu kabla ya kupanua.

Ukiona jambo geni katika shamba, kiwanda au soko lako, usilipuuze, wala usilikimbilie. Mfikie afisa wa kilimo wa wadi yako au uliulize katika mkutano wa wakulima kituoni. Swali lako huenda likawa onyo la mapema kwa jirani.