Kumfundisha Beki wa Pembeni Kushambulia

Wanachuo wengi waendapo shuleni kwa mazoezi ya kufundisha hupangiwa kipindi cha michezo, na aghalabu huchagua kandanda kwa kudhani kuwa ni somo jepesi. Katika shule moja ya Upanga, jijini Dar es Salaam, tulishuhudia kipindi cha namna hiyo. Mwalimu aliwagawa watoto katika timu mbili. Wenye chenga aliwaweka mbele, kijana mmoja mwembamba wa darasa la tano, aliyebaki bila nafasi, akaambiwa, "Wewe kaa beki mbili." Kila kijana yule alipouchukua mpira na kuvuka katikati ya ua, mwalimu alipaza sauti, "Rudi nyuma!" Kipindi kilipokaribia kwisha, mtoto alikuwa ameacha hata kuusogelea mpira.

Kosa la mwalimu lilikuwa kutoa amri pasipo sababu. Mtoto hakujifunza kulinda wala kushambulia, alijifunza kuogopa. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi beki wa pembeni anavyoweza kufundishwa kushambulia, hata katika ua mdogo na kwa mpira mmoja. Hoja yetu ni hii: beki afundishwe kwanza kuamua, ndipo afundishwe kukimbia.

Beki hupanda wakati gani?

Tuchukue mfano unaojulikana duniani. Tarehe 21 Juni, 1970, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Mexico, Brazil iliifunga Italia mabao 4 kwa 1. Bao la nne lilifungwa na Carlos Alberto, beki wa kulia. Watu wengi hukumbuka lile shuti lake. Mwalimu yampasa aangalie yaliyotangulia. Jairzinho, winga wa kulia, alikuwa amehamia upande wa kushoto na kuingia ndani, naye Facchetti, beki wa kushoto wa Italia, akamfuata. Upande wa kulia ukabaki wazi. Pelé akapokea mpira, akautuliza, akasubiri, kisha akausukuma taratibu mbele ya njia ya Carlos Alberto aliyekuwa akija kwa kasi. Kwa hiyo beki hakuvunja mlango. Alipita katika mlango uliofunguliwa na wenzake.

Mfano wa nyumbani upo pia. Mwezi Agosti, 2025, katika michuano ya CHAN, Tanzania iliifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, na bao la pili lilifungwa na Mohamed Hussein, beki wa kushoto. Siku chache baadaye Mauritania ilifungwa bao 1 kwa 0, mfungaji akiwa Shomari Kapombe, beki wa kulia, dakika za mwisho. Wote wawili walikuwa wameichezea Simba ya Kariakoo kwa miaka mingi, na majina yao watoto wa Upanga wanayajua. Mwalimu ayatumie kumwonyesha mtoto kwamba nafasi ya beki si adhabu ya wasiojua mpira.

Kutokana na mifano hiyo tunapata maswali matatu ambayo beki hana budi kujiuliza kabla ya kupanda:

1. Je, mwenzangu mwenye mpira ameutuliza, na uso wake umeelekea mbele?
2. Je, mbele yangu pana nafasi iliyo wazi?
3. Je, yupo wa kuiziba nafasi ninayoiacha?

Majibu yote yakiwa "ndiyo", apande kwa kasi na bila kusita. Jibu moja likiwa "hapana", asubiri, akae mahali ambapo mwenzake aweza kumrudishia mpira. Kusubiri huko nako ni sehemu ya kushambulia.

Mazoezi

Shule nyingi za mjini zimebanwa na majengo, hivyo tumeyapima mazoezi haya kwa ua wa hatua 30 kwa 20. Vifaa ni mpira mmoja, chaki na filimbi. Wanaosubiri zamu wasikae bure. Wapewe kazi ya kutazama na kuhesabu.

(a) Wawili kwa mmoja. Winga asimame na mpira karibu na mstari wa pembeni, mpinzani mmoja mbele yake, beki hatua 10 nyuma. Winga auingize mpira ndani; hapo beki apite nyuma ya mgongo wake, upande wa mstari. Mpinzani akimfuata beki, winga aendelee na mpira. Mpinzani akibaki na winga, mpira apewe beki. Watoto wataona kwamba mbio za beki zina faida hata asipopewa mpira, kwa kuwa zimemwondoa mpinzani njiani.

(b) Kuziba nafasi. Mwalimu achore kwa chaki mraba wa hatua 5 pale beki anapokaa. Watoto wacheze watano kwa watano kwa sharti moja: beki akipanda, mwenzake, hasa kiungo, aingie katika mraba ule. Bao likifungwa na mraba u mtupu, lisihesabiwe. Baada ya dakika chache hutasikia tena sauti ya mwalimu, watoto wenyewe wataitana, "Ziba!"

(c) Pasi ya mwisho. Mtoto wa miaka 11 hana nguvu ya kuchonga majalo marefu, na mpira wa juu huwataka wenzake wapige vichwa. Tangu mwaka 2020 vyama vya kandanda vya Uingereza na Uskochi vimeelekeza kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini, ili kulinda afya ya ubongo. Basi beki afundishwe kuinua kichwa kabla ya kupiga, kisha kuurudisha mpira chini chini kwa mwenzake anayekuja mbele ya lango. Mwalimu achore mraba mmoja mbele ya lango. Kila mpira utakaoingia humo upate alama moja.

Kupima mafanikio

Mwalimu asipime kwa mabao peke yake. Mchezo ukisimama, amwulize beki, "Mbona ulipanda?" au "Mbona hukupanda?" Mtoto akijibu, "Niliona kiungo ameziba," amelielewa somo, hata kama pasi yake ilipotea. Akijibu, "Nilijisikia tu," arudishwe kwenye maswali matatu kwa upole. Na wachezaji wabadilishane nafasi kila kipindi, ili winga naye aonje kazi ya kuziba.

Kijana yule wa darasa la tano alikuwa na mbio, na alikuwa na hamu ya kuuchukua mpira. Alichokosa ni mtu wa kumweleza lini aende na lini abaki. Ni matumaini yetu kwamba mwanachuo atakayesoma makala hii, amwonapo mtoto wa namna hiyo akivuka katikati ya ua, atajizuia kupuliza filimbi mpaka kwanza atazame nyuma: je, mraba umezibwa?