Shahada ya Uzamivu: Kwa Nini Wengine Huishia Njiani?

Hapa Rusizi, habari zikienea kwamba kijana wa fulani amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu, majirani wote hufurahi. Lakini miaka ikipita pasipo mahafali, minong'ono huanza: pengine akili zimemwishia. Minong'ono hiyo aghalabu ni dhuluma.

Mwaka 2001, mtaalamu wa Marekani, Barbara Lovitts, alitoa kitabu kuhusu wanafunzi walioacha masomo hayo. Alionyesha kwamba alama walizoingia nazo hazikuwa duni kuliko za wenzao waliohitimu. Tofauti ilikuwa katika malezi waliyoyapata chuoni: msimamizi aliyewajali, wenzao wa kujadiliana nao, na kuelezwa mapema taratibu za kazi yenyewe.

Rwanda nayo ina mfano wake. Mwaka 2002 Sweden ilianza kusaidia mafunzo ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Butare, ambacho mwaka 2013 kiliunganishwa na vyuo vingine vya umma kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwanafunzi alisoma kwa zamu, muda fulani Sweden na muda fulani nyumbani. Utaratibu huo ulikuwa na busara, kwani haukumtenga mtu na jamaa zake wala na nchi anayoichunguza.

Hata hivyo, mitego iko katika zamu ya nyumbani. Ugenini mtu ana meza yake, maktaba, na msimamizi wa karibu. Akirudi, anangojwa na vipindi vya kufundisha, mitihani ya kusahihisha, harusi, misiba na mtoto mwenye homa. Mwenye kazi Huye na familia Kamembe huongezewa safari ndefu ya kupita msitu wa Nyungwe. Mwanamke, juu ya hayo yote, huongezewa jiko. Basi siku za kuandika humezwa moja moja, hata tasnifu ikasahaulika kabatini.

Dawa mojawapo ni kutomwacha mtu peke yake. CARTA, muungano wa vyuo vya Afrika ulioanzishwa mwaka 2008, ambao Chuo Kikuu cha Rwanda ni mwanachama, uliwapokea wanafunzi kwa makundi. Kila kundi lilikutana katika semina nne, tangu kupanga utafiti hadi kumaliza tasnifu. Sisi tuliozoea umuganda twaelewa faida yake: penye wengi, mtu huona haya kuweka jembe chini.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Mume na mke wapatane saa za kuandika, na saa hizo ziheshimiwe kama saa za ofisi. Ndugu mmoja amwakilishe harusini. Mkuu wake kazini ampunguzie vipindi. Na badala ya kumwuliza kila siku, "Utamaliza lini?", tumwulize, "Sura ya leo imefika wapi?"