Waya Mmoja, Matakwa Mengi: Mgawo Uwe wa Haki

Wapo wananchi wengi wanaoamini kwamba mtu akiisha kulipia televisheni ya waya, na waya huo ukaisha kufika nyumbani kwake, basi kilichobaki ni kuchagua tu: achague filamu aitakayo, kwa saa aitakayo, aisimamishe anapobishiwa hodi, kisha aiendeleze pale alipoiachia. Imani hiyo si ya uongo, lakini haikukamilika. Waya una upana wake, na upana huo hauongezeki kwa sababu tu wanaoutaka wameongezeka. Penye njia moja na matakwa mengi pana mgawo, na penye mgawo lazima pawepo mwenye kugawa. Makala yetu ya leo yahusu mgawo huo. Kwa maoni yetu si jambo la mafundi peke yao, bali ni jambo la umma, na viongozi wetu hawana budi kulielewa kabla ya kutia saini mkataba wowote wa kuleta huduma ya namna hiyo visiwani.

Tuanze na kile tukijuacho. Televisheni ya Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali wenzetu wa Bara walisubiri hadi mwaka 1994 kupata vituo vyao. Katika siku hizo za mwanzo wazee wetu walikusanyika mabarazani mbele ya seti moja, mtaa ukitazama pamoja. Mnara uliporusha taarifa ya habari haukujali kama watazamaji ni mia moja au laki moja. Wimbi lilikuwa lile lile na gharama ile ile. Aliyenunua seti mpya Mkoani hakumpunguzia kitu aliyekuwa nayo Mkokotoni. Hiyo ndiyo maana ya utangazaji: kitu kimoja, kwa wote, kwa wakati mmoja. Wahenga walisema wengi wape, na mnara uliwapa.

Vipindi vya kuagiza vimeupindua utaratibu huo. Mtazamaji anapobonyeza kitufe kuagiza filamu, kituo kikuu humfungulia yeye peke yake mkondo wa picha kutoka ghalani hadi kwenye king'amuzi chake. Jirani yake akiagiza filamu hiyo hiyo dakika tatu baadaye hufunguliwa mkondo wa pili, kwani wawili hao hawako mahali pamoja katika hadithi. Watu mia huhitaji mikondo mia. Kila mtazamaji mpya ni mzigo mpya juu ya waya ule ule, na kila anayeagiza humpunguzia mwenzake nafasi hata kama hawajuani.

Wamarekani walilijaribu jambo hili mapema na kwa fedha nyingi. Televisheni ya waya ilianza kwao mwishoni mwa miaka ya 1940, katika miji midogo iliyozibwa na milima, ambako watu walisimamisha antena moja kilimani na kuteremsha waya hadi majumbani. Desemba 1977, mjini Columbus katika jimbo la Ohio, kampuni ya Warner ilifungua huduma iliyoitwa QUBE. Ilikuwa na stesheni 30, na kisanduku chenye vitufe ambavyo kwavyo mtazamaji aliweza kununua filamu moja moja na hata kujibu maswali yaliyoulizwa studioni. Lakini filamu zile zilikuwa bado zaenda kwa ratiba, na aliyechelewa alichelewa.

Desemba 1994 kampuni ya Time Warner ilikwenda mbali zaidi mjini Orlando, katika jimbo la Florida. Ilisimika kompyuta kubwa za kutunzia filamu, ikaziunganisha na nyumba zipatazo 4,000, kila nyumba ikiwa na uwezo wa kuagiza, kusimamisha na kurudisha nyuma. Mitambo ilifanya kazi. Hata hivyo mwaka 1997 huduma hiyo ilifungwa, kwa kuwa gharama ya kumhudumia kila mtu peke yake ilikuwa kubwa mno kuliko malipo ambayo mtu angekubali kuyatoa. Orlando ilitufunza kwamba swali gumu si iwapo jambo hili lawezekana. Swali gumu ni kwamba lawezekana kwa watu wangapi kwa wakati mmoja, na kwa gharama ya nani.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana bila ya hesabu maneno haya yatakuwa ni hofu tupu. Nchini Marekani waya hugawanywa katika vijia vyenye upana wa megahezi 6 kila kimoja. Zamani kijia kimoja kilibeba stesheni moja tu. Ilipokuja dijitali, kijia hicho hicho kiliweza kubeba takriban megabiti 38 kwa sekunde, yaani vipande milioni 38 vya habari. Filamu ya ubora wa kawaida, ikibanwa kwa utaratibu wa MPEG-2 uliotumika miaka hiyo, huhitaji karibu megabiti 3.75. Kwa hiyo kijia kimoja huchukua filamu 10.

Sasa tuchukue mfano wa mtaa wenye nyumba 500. Asubuhi ya siku ya kazi huenda wakaagiza watu watano, na waya usitambue kitu. Lakini usiku wa mkesha wa sikukuu, nyumba moja katika kila kumi ikiagiza, hiyo ni mikondo 50, nayo yataka vijia 5. Watazamaji hao hao wakitaka picha ya ubora wa juu, ambayo kwa ubanaji ule ule huweza kula megabiti 15, kijia kimoja kitachukua mikondo 2 tu, na mtaa utahitaji vijia 25. Waya wenye vijia mia na ushei hauwezi kuvitoa hivyo 25 kwa urahisi, kwani ndani yake mna stesheni za kawaida, mna simu, na mna intaneti. Itakumbukwa pia kwamba vijia hivyo 25 huhitajika kwa saa mbili tatu za usiku, na saa zilizobaki hukaa bure. Yeyote ajengaye kwa kufuata saa ya msongamano hujenga kwa gharama kubwa. Na yeyote ajengaye kwa kufuata wastani wa siku, hukwama kila usiku.

Mafundi hawakukaa kitako mbele ya hesabu hiyo. Wamebuni njia kadhaa, na ni vema wasomaji wetu wazijue.

Njia ya kwanza ni kubana picha zaidi. Utaratibu wa H.264, uliokamilishwa mwaka 2003, hupunguza mahitaji kwa karibu nusu ukilinganishwa na ule wa MPEG-2. Lakini king'amuzi cha zamani hakiwezi kuifungua picha iliyobanwa kwa mtindo mpya. Basi ama kampuni ibadilishe ving'amuzi vyote, ama ibebe picha za mitindo miwili kwa pamoja na kupoteza sehemu ya kile ilichokusudia kuokoa. Mwenye uwezo hununua king'amuzi kipya mara moja. Asiye na uwezo husubiri.

Njia ya pili ni kuigawa mitaa. Kutoka kituo kikuu hadi kwenye kituo cha mtaa hupita nyuzi za kioo, na kutoka hapo hadi majumbani hupita waya wa shaba. Mtaa wa nyumba 500 ukigawanywa kuwa miwili ya nyumba 250, kila upande hupata vijia vyake, na filamu zinazokwenda upande huu haziugusi upande ule. Hii ndiyo dawa ya uhakika, nayo ni dawa ghali, kwa sababu hutaka kuchimba, kulaza nyuzi mpya na kuongeza mitambo.

Njia ya tatu ni kutopeleka kisichotazamwa. Stesheni mia mbili hazitazamwi zote katika mtaa mmoja kwa saa moja. Basi kituo hupeleka mtaani zile tu ambazo mtu amezifungua, na nafasi za nyingine hutumika kwa maagizo.

Njia ya nne ni kupishanisha. Filamu ya saa mbili huanzishwa upya kila robo saa, kwa mikondo 8 tu. Mikondo hiyo 8 hutosha mji mzima, wawe watazamaji 80 au 80,000, na hakuna angojaye zaidi ya dakika 15. Njia hii huonekana kuwa ya kizamani, lakini sisi twaiona kuwa ni ya busara kwa filamu inayotakwa na watu wengi. Kungoja robo saa si taabu kwa watu waliozoea kungoja dau.

Njia ya tano ni kuweka akiba karibu na mtumiaji. Imeonekana kwamba vipindi vichache ndivyo vinavyoagizwa na watu wengi. Nakala za vipindi hivyo zikiwekwa katika ghala dogo karibu na mtaa, njia ndefu ya kutoka kituo kikuu hupumzika. Kampuni ya Netflix, iliyoanza kuonyesha filamu kwa njia ya intaneti mwaka 2007, huweka makasha yake yenye nakala za filamu ndani ya mitandao ya watoa huduma wa nchi mbalimbali kwa sababu hiyo hiyo. Akiba haiozi.

Hata baada ya njia zote hizo, iko saa ambayo waya umejaa na bado kuna mtu mlangoni. Hapo ufundi unakoma na uamuzi unaanza. Kampuni yaweza kumfungia mlango mtu wa mwisho na kumwambia ajaribu baadaye, ili walioko ndani watazame kwa raha. Yaweza kumruhusu aingie na kuwapunguzia wote ubora wa picha. Au yaweza kumpitisha mbele aliyelipa zaidi na kumwacha mwingine nje. Kila moja katika hizo tatu ni kanuni ya ugawaji, na kila moja ina wenye kufaidika na wenye kuumia. Yanatusikitisha mazoea ya kuliacha chaguo hilo ndani ya programu ya kompyuta, kana kwamba ni bomba tu la kukazwa kwa spana.

Mfano wa serikali kuingilia upo. Machi 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, Umoja wa Ulaya uliziomba kampuni za filamu zipunguze mzigo ili njia zibaki wazi kwa kazi, masomo na tiba. Netflix ilikubali kupunguza kiwango cha picha barani humo kwa siku 30, na ikasema mzigo wake ungepungua kwa kiasi cha asilimia 25. Kanuni iliyotumika ilikuwa kupunguza kidogo kwa wote, na iliombwa na mamlaka ya umma, hadharani.

Kwetu visiwani jambo hili lina uzito zaidi, kwani nyuma ya waya wa mtaani iko bahari. Mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Tanzania mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikadhoofika nchini kwetu na kwa majirani. Wala Unguja haihitaji kukumbushwa maana ya kutegemea uzi mmoja: waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010. Mwanafunzi wa Chake Chake akiagiza kipindi cha masomo kilichotengenezwa Unguja, na ghala la kipindi hicho likawa ng'ambo, picha hiyo italazimika kuvuka bahari ili imrudie mwenyewe. Huo ni ubadhirifu wa njia, na siku mkongo utakapokatika, mwanafunzi huyo atakosa mali iliyotengenezwa nyumbani kwake.

Watatokea watakaosema kwamba nyuzi za kioo zikifika kila mlango, tatizo litakwisha. Sisi hatuupingi mkongo, tunautaka. Lakini kila njia ilipopanuka, picha nazo zilinenepa. Picha ya 4K hutakiwa kuwa na megabiti zipatazo 15 hata kwa ubanaji mpya, sawa na ile ya ubora wa juu ya zamani. Anayesubiri upana ummalizie haja ya mgawo atasubiri sana.

Kwa hiyo tunawashauri wahusika mambo manne. Kwanza, kila mkataba wa huduma ya vipindi vya kuagiza useme wazi ni nyumba ngapi zitashirikiana kituo kimoja cha mtaa, na ni wangapi wataweza kuagiza kwa pamoja katika saa ya msongamano. Pili, ghala la vipindi liwepo Unguja na liwepo Pemba, na vipindi vya elimu, afya, taarab na kumbukumbu za utangazaji wetu viwe vya kwanza kuwekwa humo. Tatu, yale yanayotazamwa na wote kwa pamoja, kama fainali ya Kombe la Mapinduzi au hotuba za kitaifa, yaendelee kutangazwa kwa njia ya wote, wala yasigeuzwe kuwa maelfu ya mikondo ya mtu mmoja mmoja. Nne, kanuni ya kumkatalia mtu au kumpunguzia picha iandikwe kwa Kiswahili katika mkataba wa mteja, ili asiyepata ajue kwa nini hakupata.

Maji ya kifuu bahari ya chungu. Kijia kimoja cha megahezi 6 ni kitu kidogo mbele ya makampuni makubwa, lakini kwa kijiji kimoja cha Micheweni chaweza kuwa ndiyo darasa la jioni. Hatuwezi kumlaumu mfanyabiashara kwa kugawa kama mfanyabiashara. Lawama itatuangukia sisi, iwapo tutamwachia agawe peke yake.